Mdai si mkopeshaji tu: neno "mwia" lirudi kwenye mikataba yetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie neno linaloandikwa kila siku na kueleweka vibaya karibu kila siku: mdai. Kwenye habari za mahakamani, mdai ni aliyefungua shauri. Kwenye habari za benki, mdai ni aliyekopesha. Kwenye habari za siasa ni yeyote anayesema jambo ambalo bado halijathibitishwa. Maana zote hizo ni za Kiswahili na sina ugomvi nazo. Taabu huanza pale neno hilohilo linapopachikwa kwenye mkataba au hati ya dhamana libebe maana ya nne, ile ambayo wanasheria wanaihitaji kweli: mtu ambaye mwenzake amefungwa na wajibu kwake, awe amekopesha au hajakopesha, awe amekwenda mahakamani au amekaa kimya kwake.

Mtu huyo ana jina katika Kiswahili. Ni mwia. Limetokana na kitenzi kuwia, yaani kuwa na haki ya kutimiziwa jambo na mtu fulani. Kitenzi chenyewe kimeadimika midomoni, lakini ndugu yake wa kutendwa bado yu hai: anayetoa shukrani husema "nawiwa", maana yake nina deni la fadhila. Basi aliye upande wa pili, anayeniwia, ndiye mwia wangu. Kamusi zimelihifadhi neno hili. Tulioliacha ni sisi tunaoandika.

Kumchanganya mwia na mkopeshaji si kosa la leo. Gaius, mwanasheria wa Roma wa karne ya 2, aliona haja ya kulisahihisha, na maelezo yake yakaingizwa katika Digesta, mkusanyo wa sheria uliotangazwa na Kaizari Justinian mwaka 533. Alieleza kwamba "creditor" wa Kilatini si yule tu aliyekopesha fedha, bali kila anayestahili kutimiziwa kitu kwa sababu yoyote ile. Neno hilo la Kilatini lilitokana na kuamini, na Wajerumani nao humwita mtu huyohuyo Gläubiger, jina lenye kuamini ndani yake. Yaani lugha zilizoanza na picha ya mtu aliyeamini akatoa mali yake zililazimika kulipanua neno lao baadaye. Mwia halibebi mkopo tumboni, kwa hiyo sisi hatuna kazi hiyo ya kulipanua.

Wala wajibu wenyewe si lazima uwe wa fedha. Kanuni ya sheria za kiraia ya Ujerumani, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1900, inasema katika kifungu cha 241 kwamba mwia ana haki ya kumtaka mdeni wake atimize jambo, na kwamba kutimiza huko kwaweza kuwa ni kujizuia tu. Tazama mtu aliyeuza karakana yake, akaahidi kutofungua nyingine ya aina ileile mtaa uleule kwa miaka 2. Mnunuzi ni mwia wake kwa miaka hiyo 2. Hakuna hata senti inayodaiwa; kinachodaiwa ni mlango usifunguliwe. Ukimwita mnunuzi huyo "mkopeshaji" umepotosha habari nzima.

Sasa, utamtambuaje mwia ndani ya mkataba? Usianzie ukurasa wa kwanza kwenye majina ya pande mbili, maana hapo hutampata. Chukua kalamu, pigia mstari kila kitenzi kinachobeba ahadi: atalipa, atafikisha, atatunza, hatatoa siri. Pembeni ya kila kitenzi andika majina mawili: nani atafanya, na nani anaweza kulidai jambo hilo kwa jina lake mwenyewe lisipofanyika. Jina la pili ndiye mwia wa wajibu huo, na wa huo tu. Ukifika kitenzi kinachofuata huenda majina yakabadilishana nafasi.

Tuchukue mauziano ya magunia 100 ya saruji. Muuzaji atayafikisha tarehe 5 ya mwezi. Mnunuzi atalipa nusu ya bei siku hiyo na nusu iliyobaki baada ya siku 30. Tarehe 4 mnunuzi ni mwia wa magunia na muuzaji ni mwia wa bei. Tarehe 5 jioni, magunia yameshuka na nusu ya bei imelipwa. Mnunuzi si mwia wa kufikishiwa tena, lakini kama magunia 12 yameganda kwa unyevu, bado ni mwia wa saruji nzima inayofaa kwa kazi. Muuzaji naye ni mwia wa nusu ya pili, ila hana ruhusa ya kugonga mlango kuidai tarehe 10. Deni lipo, siku yake haijafika.

Hapo ndipo tofauti ya mwia na mdai inapoonekana waziwazi, na ndipo naomba wahariri watulie kidogo. Muuzaji ni mwia tangu mkataba ulipofungwa. Anakuwa mdai siku anapoidai haki yake. Katikati ya siku hizo mbili panaweza kupita mwezi au miaka. Na kinyume chake kipo pia: mtu anayefungua shauri la uongo ni mdai tangu shauri linapopokelewa mpaka hukumu isomwe, lakini mwia hajawahi kuwa hata saa moja. Mkataba unaoandika "mdai atalipwa ndani ya siku 14" unawapa mawakili chakula cha bure: je, ni siku 14 tangu haki izaliwe, au tangu mtu apeleke madai yake? Andika "mwia", taja tarehe ambayo siku zinaanza kuhesabiwa, na ubishi huo umekwisha kabla haujaanza.

Wengine huchukulia kwamba anayenufaika na ahadi ndiye mwia. Si lazima. Wazazi wawili wakiahidiana kumpa kijana wao fedha, kijana ni mnufaika. Swali la kama yeye mwenyewe ni mwia linategemea sheria inayotawala mkataba. Uingereza jambo hili liliamuliwa mwaka 1861 katika shauri la Tweddle na Atkinson: baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi waliahidiana kumlipa bwana harusi, baba mkwe akafa bila kulipa, na kijana alipodai kwenye mirathi aliambiwa yeye si sehemu ya mkataba huo. Ilichukua hadi mwaka 1999 Bunge la huko kupitisha sheria inayomruhusu mtu wa tatu kudai katika mazingira fulani, ikiwemo pale mkataba unaposema wazi kwamba anaweza. Somo la kazi ni dogo lakini linaokoa: ukitaka mnufaika awe mwia, iandike haki yake kwa sentensi kamili. "Kwa faida ya fulani" haitoshi kukulaza usingizi. Andika "fulani anaweza kudai utekelezaji wa kifungu hiki kwa jina lake mwenyewe".

Fedha nyingi hupotea pale mwia anapokuwa zaidi ya mmoja. Watu 3 wamekopesha 900,000 kwa hati moja. Hati inasema tu "nitawalipa". Mkopaji anamlipa mkubwa wao zote 900,000, anapewa mkono, anaondoka. Mwezi ujao wawili waliobaki wanamfuata. Je, amelipa au hajalipa?

Jibu linategemea walikuwa wawia wa namna gani. Kama kila mmoja anawia fungu lake, basi kila mmoja alistahili 300,000, na aliyelipa zote kwa mmoja bado anadaiwa 600,000 na wale wawili. Kilichozidi atamfuata mkubwa yeye mwenyewe amrudishie. Kama ni wawia wa mshikamano, ambapo kila mmoja ana haki ya kudai deni zima, basi malipo kwa mmoja yamelimaliza deni, na kugawana ni shauri lao wenyewe. Iko na aina ya tatu, ambapo wanawia kwa pamoja tu: hakuna anayeweza kupokea peke yake, na malipo sahihi ni yale wanayoyapokea wote au aliyetumwa na wote. Kuhusu lipi lichukuliwe pale hati inapokaa kimya, sheria za nchi hazifanani, kwa hiyo usiache hati ikae kimya. Maneno machache yanatosha: "Kila mmoja anadai theluthi moja", au "malipo kwa yeyote kati yao yanamaliza deni", au "malipo yafanyike kwenye akaunti hii tu". Mkopaji ambaye ameshaingia kwenye hati isiyosema kitu asimlipe yeyote peke yake kabla ya kupata karatasi iliyotiwa saini na wote watatu.

Kisha kuna mwia anayebadilika. Haki ya mwia ni mali. Anaweza kuiuza, kuigawa, hata kuiweka rehani. Mdeni ataamka siku moja akute barua kutoka kwa mtu asiyemjua: "Deni lako nimelinunua, kuanzia leo unilipe mimi." Wengi hufanya moja ya makosa mawili. Kuna wanaoitupa barua na kuendelea kumlipa mwia wa zamani, na kuna wanaoogopa na kumlipa mgeni palepale. La kwanza ni la hatari kwa sababu kinga ya aliyemlipa mwia wa zamani inatokana na kutojua. Ukishapata taarifa ya kweli, malipo kwa wa zamani yanaweza yasikuhesabiwe. La pili ni hatari kwa sababu matapeli nao wanajua kuandika barua.

Njia salama iko hivi. Usilipe siku hiyo. Mwandikie mwia uliyekuwa unamjua, kwa anwani uliyokuwa nayo wewe, si ile iliyomo kwenye barua ya mgeni, umuulize kama amehamisha haki yake, lini, na salio alilolihamisha ni kiasi gani. Mtake mgeni akuoneshe hati ya uhamisho yenye saini ya mwia wa zamani. Linganisha salio na risiti zako. Majibu yakipatana, mlipe mpya na uandike kwenye malipo hayo namba ya mkataba wa mwanzo. Yasipopatana, au watu wawili wakidai haki hiyohiyo, usijifanye hakimu. Sheria nyingi zinakuruhusu kuziweka fedha mahakamani au mahali pengine palipotajwa na sheria, nao wabishane huko. Zaidi ya hayo, uhamisho haukupunguzii utetezi. Kama saruji ilikuwa imeganda na ungeweza kumwambia hivyo muuzaji, kwa kawaida unaweza kumwambia hivyo na aliyenunua deni kutoka kwake, kwa sababu mtu hauzi haki kubwa kuliko aliyokuwa nayo.

Kanuni hiyo ina ufa mmoja, nao ni hati za kuhamishika kwa mkono, kama hati ya ahadi ya kulipa na hawala, yaani hati ya kumwagiza mtu amlipe aliyetajwa au aliyeishika. Hapo mwia ni yule aliyeishika hati kihalali, na aliyeipokea kwa nia njema na kwa thamani anaweza kulindwa dhidi ya utetezi ambao ungemshinda mwia wa kwanza. Kwa hati ya aina hii risiti haitoshi. Lipa huku hati yenyewe ikirudi mkononi mwako, uichane au igongwe muhuri wa "imelipwa". Ukilipa na hati ikabaki mezani kwa mwenzako, inaweza kukurudia ikiwa mikononi mwa mtu mwingine, nawe ukalipa mara ya pili.

Nimeacha dhamana mpaka hapa kwa kuwa ndipo neno hili linapofanya kazi nzito kuliko pote, na ndipo tafsiri zetu zinapoumiza watu. Hati ya dhamana ya utekelezaji ina watu watatu. Mwenye mradi, ambaye ndiye mwia. Mkandarasi, ambaye wajibu wake unadhaminiwa. Mdhamini, yaani benki au kampuni ya bima, anayeahidi kusimama mkandarasi akianguka. Hati nyingi za Kiswahili humwita mwenye mradi "mdai" na mkandarasi "mdaiwa", na msomaji wa kawaida anadhani tayari kuna kesi. Mbaya zaidi, wakandarasi wadogo huona wamelipa ada kwa kampuni ya bima, wakaamini wamejikatia bima. Sivyo. Kwenye bima, anayelipa ada kwa kawaida ndiye anayelindwa au analinda mali yake. Kwenye dhamana, anayelipa ada ni mkandarasi na anayelindwa ni mwia. Mdhamini akishamlipa mwia, anageuka na kumfuata mkandarasi arudishe kila kitu. Siku hiyo mdhamini mwenyewe amekuwa mwia. Neno moja likitumika sawasawa, mkandarasi angeliona jambo hili kabla ya kutia saini.

Marekani wana mfano mzuri wa jinsi kuuliza "mwia ni nani?" kulivyozaa hati mbili badala ya moja. Sheria ya Miller ya mwaka 1935 inamtaka mkandarasi wa majengo ya serikali kuu, kazi ikizidi kiwango kilichowekwa, alete dhamana ya utekelezaji kwa ajili ya kuilinda serikali, na dhamana nyingine ya malipo kwa ajili ya kuwalinda waliotoa kazi na vifaa. Hawa wa pili hawawezi kuuza jengo la serikali ili walipwe, ndiyo maana wakatengenezewa hati yao. Lakini haki yao ina saa inayokimbia: asiye na mkataba wa moja kwa moja na mkandarasi mkuu lazima ampe taarifa ya maandishi ndani ya siku 90 tangu alipotoa kazi au kifaa cha mwisho, na shauri halifunguliwi baada ya mwaka 1 kupita tangu siku hiyo. Fundi anayedhani yeye ni mwia wa hati ya kwanza hupoteza siku 90 zake akimwandikia mtu asiyehusika.

Kwa upande wa mwia mwenyewe, dhamana huharibika kwa njia zinazojulikana. Jina la mwia kwenye hati halilingani na jina kwenye mkataba wa kazi: mkataba umesainiwa na kampuni mama, dhamana imeandikwa kwa kampuni tanzu, na mdhamini anakataa kulipa kwa hoja kwamba anayedai siye mwia aliyemwahidi. Soma majina hayo mawili herufi kwa herufi, pamoja na namba ya usajili. Pili, mwia anabadilisha kazi, anaongeza ghorofa, anasogeza muda, bila kumtaarifu mdhamini. Mabadiliko makubwa bila ridhaa yake yanaweza kumfungua mdhamini kabisa. Tatu, mwia anamlipa mkandarasi fedha za hatua ambayo haijafikiwa, kisha anataka mdhamini afidie pengo alilolichimba yeye. Nne, anachelewa kutoa taarifa ya kushindwa kwa mkandarasi, au anaitoa kwa simu wakati hati inataka maandishi kwa anwani maalumu, na hati inaisha muda mikononi mwake. Tarehe ya mwisho ya dhamana iandikwe kwenye kalenda ya ofisi siku inayopokelewa, na ukumbusho siku 60 kabla.

Kwa maana kuwa mwia si kukaa kitako. Mwia naye ana la kufanya: kufungua ghala, kuwa mahali palipokubaliwa, kupokea. Lori la magunia 100 likifika siku yake na mahali pake, na mnunuzi akakataa kupokea bila sababu, aliyechelewa sasa ni yeye. Sheria ya Ujerumani niliyoitaja inasema deni la fedha lenye riba halizai riba katika kipindi ambacho mwia anakataa kupokea, na mdeni anaweza kudai gharama za ziada alizoingia kutunza kitu kilichokataliwa. Katika mifumo iliyofuata Uingereza, mdeni wa fedha aliyekataliwa hafutiwi deni. Anatakiwa abaki tayari kulipa, na akishitakiwa aziweke fedha mahakamani. Kwa hali zote mbili mdeni anahitaji ushahidi wa siku ile: saa lori lilipofika, idadi ya magunia, jina la aliyekataa, na barua iliyotumwa kesho yake, si mwezi ujao.

Na deni likishalipwa, majukumu yanageuka kwa mara ya mwisho. Aliyelipa anakuwa mwia wa risiti, na wa kurudishiwa hati yake. Risiti hiyo itaje kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe, wajibu gani umelipiwa, kama ni sehemu au umemalizika, na jina la mwia pamoja na la aliyepokea kwa niaba yake. Kama mwia anadai hati imepotea, asiachiwe kwa neno la mdomo: aandike na kutia saini kwamba deni limekwisha, na kwamba hati hiyo, popote itakapoonekana, haina nguvu.

Wako,
Wakili wa mikataba na msomaji wenu wa kila siku